Sahihi Ishirini na Nne

4 Februari

Ndugu Mteja,

YAH: OMBI LA KUFUNGA AKAUNTI

Tumepokea barua yako ukiomba tufunge akaunti uliyofungua kwetu miaka ishirini na saba iliyopita, na fedha zihamishiwe benki ya huko unakoishi. Kwa kuwa wewe si mkazi wa nchi hii, na kwa kuwa akaunti haijaguswa kwa miaka kumi na tisa, unatakiwa kututumia kwa posta fomu hii ya kurasa nne, nakala ya kitambulisho iliyothibitishwa na wakili, uthibitisho wa makazi, na sahihi inayofanana na ile uliyoweka kwenye kadi siku ya kufungua akaunti. Hatupokei picha za simu wala barua pepe.

Ifikapo 31 Agosti, akaunti zote zilizolala zitahamishiwa mfuko wa serikali wa fedha zisizo na mwenyewe. Baada ya hapo dawati hili halitakuwa na uwezo wa kukusaidia.

Wako katika kazi,
Karani, Dawati la Wateja Waishio Nje


26 Februari

Bwana Karani,

Salamu nyingi sana. Barua yako imefika, nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa macho na mara ya pili kwa sauti ili mke wangu asikie. Kwanza kabisa, fedha hizo zina mwenyewe. Ni mimi. Usiache mtu yeyote azipeleke kwenye mfuko.

Mimi ni mchora vibao. Duka, zahanati, kinyozi, karakana: ukipita mtaani kwetu ukaona kibao kinachokufanya usimame, jua ni mkono wangu. Huko kwenu nilifanya kazi hiyo hiyo kwa miaka minane. Nilikuwa naweka tu, sikuwahi kutoa hata mara moja, na tulipoondoka tukaziacha makusudi zitungoje tukizeeka. Sasa tumezeeka, kidogo.

Mke wangu mimi humwita Nesi, maana ndiyo kazi aliyofanya mpaka akastaafu mwaka jana. Akakaa nyumbani wiki moja, ya pili akaanza kulea watoto wa majirani kwenye kibaraza chetu. Walikuwa watatu. Leo ni kumi na mmoja, na mvua ikinyesha wote wanahamia jikoni na mimi nakula nimesimama. Sasa jirani yetu fundi viatu anahama, na chumba chake kikubwa, madirisha mawili, sakafu ya saruji, amesema atatuuzia sisi kwanza. Ametupa hadi mwisho wa Agosti. Nesi ameshakipima kwa hatua zake mara nne akijifanya anapeleka viatu kushonwa. Viatu vyenyewe vizima kabisa.

Kwa hiyo unaelewa, bwana, kwamba hili si jambo la karatasi tu. Sijawahi kumnunulia yule mama kitu kikubwa maishani.

Nimeambatanisha vyote ulivyoagiza. Anwani yenu nimeiandika kwa mkono wangu, herufi zenye kivuli, mapambo ya dhahabu pembeni. Sitaki barua yangu iingie huko kama bili ya maji.

Mteja wenu,
Mchora vibao


9 Aprili

Ndugu Mteja,

Barua yako ya 26 Februari imetufikia jana. Bahasha ina mihuri ya vituo vitano vya posta na kibandiko kisemacho "Anwani haisomeki". Posta wameeleza kwamba mashine ya kuchambua barua iliyasoma mapambo yako ya dhahabu kuwa ni namba za eneo lingine, ikaipeleka huko, ikarudishwa, ikapelekwa tena. Aidha, stempu zilipungua na dawati hili limelipia tofauti. Tafadhali siku nyingine tumia herufi za kawaida.

Nakala ya kitambulisho imekubaliwa. Bili ya umeme imekataliwa kwa kuwa ina jina la mtu mwingine. Sahihi imekataliwa kwa kuwa haifanani na iliyo kwenye kadi. Fomu mpya imeambatanishwa.

Wako katika kazi,
Karani, Dawati la Wateja Waishio Nje


30 Aprili

Bwana Karani,

Nimecheka, halafu nimekasirika, halafu nimekunywa maji, sasa naandika.

Huyo "mtu mwingine" kwenye bili ni Nesi. Umeme ni wake, maji ni yake, nyumba tuliachiwa na baba yake. Mimi humu ndani nina ngazi mbili na makopo ya rangi. Nimekwenda ofisi ya mtaa wakaniandikia barua kwamba naishi hapa, na wamepiga mihuri mitatu, maana yule msichana wa mihuri nilimchorea kibao cha harusi ya dada yake.

Lakini hili la sahihi, bwana, limenikaa kooni. Unajua unaongea na nani? Mimi nikiona herufi mara moja nakuandikia hiyo hiyo ukutani, futi tatu, bila rula. Leo uniambie sijui kuandika jina langu mwenyewe?

Basi nimeamua kukurahisishia kazi. Nimechukua karatasi kubwa nikakuwekea sahihi ishirini na nne, kila moja kwa mtindo wake: iliyolala, iliyosimama, yenye mkia mrefu, yenye mkia mfupi, ya ujana wangu, ya uzee wangu. Zote ni zangu. Chagua inayofanana na ya kwenye kadi, uikate kwa mkasi, uibandike kwenye fomu. Tumalize.

Anwani safari hii nimeitia ua moja tu, kwenye kona.

Mchora vibao


22 Mei

Ndugu Mteja,

Nasikitika kukuarifu kwamba karatasi yako imeleta matatizo. Mkuu wa kitengo amesema hajawahi kuona mteja mwenye sahihi ishirini na nne, na kwamba mtu anayeomba benki ichague ni yule asiyejua ya kweli ni ipi. Faili lako limepelekwa kitengo cha udanganyifu. Nimeomba lirudi kwangu, na wamekubali kwa sharti kwamba utapewa nafasi moja tu ya kusaini. Ikikataliwa, shauri litasimama hadi baada ya Agosti, na baada ya Agosti unajua.

Siruhusiwi kukueleza ile ya kwenye kadi ikoje. Usiniulize. Usikisie. Kumbuka.

Barua ya ofisi ya mtaa imekubaliwa, pamoja na mihuri yake yote.

Kwa taarifa yako, mimi si bwana. Ni mwanamke, na mwezi ujao nitakuwa bibi.

Karani, Dawati la Wateja Waishio Nje

Ua nimelikata kwenye bahasha nikalibandika juu ya meza yangu. Hilo si la kiofisi.


12 Juni

Mama Karani,

Nisamehe ubwana wote niliokupa. Na hongera ya mjukuu anayekuja.

Kitengo cha udanganyifu! Mimi! Nimekaa juu ya kopo la rangi asubuhi nzima, mteja akaja kuchukua kibao chake cha bucha nikampa cha daktari wa meno, akaondoka nacho.

Umesema nikumbuke. Nakumbuka vizuri. Ilikuwa asubuhi, nilivaa shati la bluu, karani wa wakati ule alikuwa na miwani, nikasaini, nikatoka, nikanunua chungwa. Hakuna zaidi. Nimejaribu mpaka vidole vimeota sugu mpya.

Kitu kimoja nikwambie, na ukifiche. Nesi hajui. Kila siku akimwona tarishi ananiuliza, "Vipi benki?" nami namjibu, "Mambo shwari, wanamalizia malizia." Ameshashona mapazia ya yale madirisha mawili. Juzi alikuwa anawafundisha watoto kupanga foleni, eti wazoee kabla ya kuhamia. Nikaingia ndani nikajifanya natafuta brashi.

Nifanyeje, mama? Nipe hata herufi moja.

Mchora vibao


14 Juni

Kwa Karani wa Dawati la Wateja Waishio Nje,

Hunijui ila nadhani umeshasikia habari zangu. Mimi ndiye Nesi. Mume wangu anaficha barua zako chini ya kopo la vanishi, mahali ambapo nafagia kila siku ya Mungu. Nimezisoma zote. Yeye anadhani sijui, na mimi namwacha hivyo hivyo.

Dada yangu, huyo mtu hatakwambia ukweli hata umtundike. Ngoja nikwambie mimi.

Wiki ile alipofungua akaunti, mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye plasta, kuanzia vidoleni hadi kiwikoni. Najua kwa sababu niliufunga mimi, wodi ya mifupa. Alikuwa juu ya ngazi anaandika kibao cha mwoka mikate, akamaliza herufi ya mwisho, akaipenda mno, akarudi nyuma hatua moja aitazame vizuri. Juu ya ngazi! Mwoka mikate alikuwa anamwangalia toka mlangoni na ndiye aliyemleta hospitali, akatusimulia wodi nzima huku machozi ya kicheko yanamtoka. Akamlipa fidia kwa hundi, na hundi ndiyo iliyompeleka benki. Kwa hiyo alisaini kwa mkono wa kushoto. Ndiyo maana sahihi hazifanani.

Kwa nini hasemi? Kwa sababu tangu tuoane anawasimulia watu kwamba tulikutana siku alipoitwa kuja kupaka rangi milango ya wodi, nikaziona herufi zake nikashindwa kufanya kazi. Watoto wetu wamekua na hadithi hiyo. Mimi yeye huniambia pembeni kwamba ngazi iliteleza, na mimi hujibu, pole mume wangu, ngazi za siku hizi. Sijawahi kumwumbua. Ni mtu mwenye majivuno mengi na roho safi sana, na mimi nampenda na vyote viwili.

Ndani ya barua kuna kadi yake ya hospitali, ina tarehe. Nimeitunza miaka yote hii. Tafadhali imalize kazi kimyakimya na usimwambie kwamba nimekuandikia.

Nesi


5 Julai

Mpendwa Nesi,

Nimepokea, nimecheka mpaka mwenzangu wa dawati la pili akaja kuuliza kuna nini. Kadi ya hospitali nimeiweka kwenye faili na itasaidia sana. Lakini kimyakimya haiwezekani. Kanuni inasema maelezo yatoke kwa mteja mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya wakili. Nikimtajia mkono mimi, nitakuwa nimemfundisha jibu, na faili litarudi udanganyifu.

Namwandikia leo. Ukiweza, mpe nafasi.

Karani


5 Julai

Ndugu Fundi,

Nimekutumia Fomu Namba 7. Ni fupi. Inataka mteja aeleze hali yake siku aliyofungua akaunti: alikwenda na nani, alitoka wapi, afya yake ilikuwaje, na kama kuna jambo lolote lililoathiri uandishi wake. Maelezo yatolewe mbele ya wakili, na sahihi iwekwe hapo hapo.

Eleza ukweli wote, hata ule ambao hujawahi kumwambia mtu. Chumba kina madirisha mawili, Fundi. Fikiria hilo unapojaza.

Tuma kwa rejista. Na nakusihi, anwani aandike mtu mwingine.

Karani, Dawati la Wateja Waishio Nje


24 Julai

Mama Karani,

Barua hii ina maneno machache ya kujisifu kuliko zote nilizowahi kuandika, kwa hiyo uvumilie.

Nilipoisoma Fomu Namba 7 niliketi chini. Kusema kweli nilishaanza kukumbuka tangu ile sahihi ya ishirini na mbili, pale vidole vya kulia vilipochoka nikajaribu kidogo kwa kushoto kwenye karatasi nyingine. Nikaitazama, nikaigeuza karatasi, nikaendelea na ya ishirini na tatu kwa kulia kama mtu mwenye akili zake. Nilijua, mama. Nilijitia hamnazo tu.

Nilimwambia Nesi nakwenda kununua tapentaini. Akasema na yeye anakwenda upande huo huo. Nikamwambia labda nitachelewa. Akasema hana haraka. Nikapita mbele ya ofisi ya wakili mara tatu, mara ya tatu akanishika mkono akasema, "Si unaingia hapa? Miguu inaniuma." Basi tukaingia.

Wakili ni kijana, nilimchorea kibao chake mwenyewe. Akachukua kalamu akasema, "Mzee, eleza." Nesi ameketi pembeni yangu, mkoba mapajani. Mama Karani, nimewahi kupanda ghorofa saba kwa kamba, lakini sijawahi kuogopa vile. Nikasema, siku ile mkono wangu wa kulia ulikuwa kwenye plasta. Wakili akaandika. Akauliza, "Ulivunjikaje?" Ulimi ukataka kusema ngazi iliteleza. Ulikuwa tayari umeshainuka. Nikamtazama Nesi, nikayafikiria mapazia, nikasema, "Nilirudi nyuma kutazama herufi zangu. Nilikuwa juu ya ngazi."

Kijana wa watu akainamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nesi akasema, "Andika na hili, alizitazama vizuri sana, maana alianguka akiwa bado anatabasamu. Mwoka mikate alituambia."

Kumbe anajua! Kumbe alijua siku ile ile, kabla plasta haijakauka! Miaka ishirini na saba ananiambia pole mume wangu, ngazi za siku hizi, na mimi najiona mjanja. Nikacheka mpaka nikakohoa, wakili akanipa maji, na yeye akacheka mpaka akayamwaga mengine kwenye meza. Sijawahi kujisikia mwepesi namna ile. Ningejua, ningeanguka upya.

Kisha nikasaini kwa kushoto. Imetoka mbaya. Inatetemeka, imepinda, herufi moja imeruka ikaenda kukaa peke yake. Ni sahihi mbaya kuliko zote duniani na ndiyo niliyokutumia. Anwani kaandika Nesi. Inaonekana kama cheti cha dawa, lakini inasomeka.

Zimebaki siku chache, mama. Fundi viatu ameshaanza kufungasha, na kuna mwuza magodoro anakuja kila siku kukitazama kile chumba.

Mchora vibao


13 Agosti

Ndugu Fundi,

YAH: KUFUNGWA KWA AKAUNTI

Sahihi imelinganishwa na ya kwenye kadi na imekubaliwa. Mkuu wa kitengo aliziweka mbili hizo ubavu kwa ubavu, akaivua miwani, akaivaa tena, akasema mtu anaweza kughushi sahihi nzuri lakini hakuna anayeweza kughushi mbaya kiasi hicho. Hata herufi iliyoruka imeruka mahali pale pale. Fedha zako zote zimetumwa leo saa nne asubuhi. Akaunti imefungwa.

Faili lilipotoka kwa mkuu, watu watano walisimama kwenye meza yangu kusubiri jibu. Nilipowaambia, wakapiga makofi. Katika benki hii watu hawapigi makofi.

Kwa kanuni zetu, akaunti ikifungwa kadi ya sahihi hupigwa muhuri wa kubatilishwa na kurudishwa kwa mwenyewe. Nimeitia kwenye bahasha ya pekee itakayokuja baadaye. Fundi, mwache Nesi aifungue yeye. Nimekaa na kadi hiyo mezani tangu Februari na nilikatazwa kusema neno lolote lililomo ndani yake. Nilikuwa karibu kupasuka.

Mjukuu amezaliwa. Ni wa kike, na ana kelele.

Karani


6 Septemba

Dada yangu Karani,

Hongera ya mjukuu, na kelele ni dalili nzuri, nimezisikiliza miaka mingi.

Fedha ziliingia tarehe kumi na tisa. Tarehe ishirini fundi viatu alinipa ufunguo mkononi. Mwuza magodoro alikuwa amesimama mlangoni na futi yake ya kupimia, nikamkaribisha maji, akakataa. Watoto sasa ni kumi na wanne. Leo mvua imenyesha toka asubuhi na hakuna aliyeingia jikoni kwangu. Nilisimama katikati ya kile chumba nikasikia mabati yanavyopigwa na mvua, watoto wakavu wananipigia kelele, nikalia kidogo, halafu nikaendelea kugawa uji.

Kadi yako imefika mchana. Baba watoto alikuwa anapaka ukuta wa nyuma, nami nimeifungua mwenyewe kama ulivyoagiza. Nimeiona sahihi. Ni kweli ni mbaya. Kisha nimegeuza upande wa pili, pale benki inapotaka jina la mtu wa kupewa fedha mteja akifariki.

Dada, plasta ile niliifunga siku ya Jumatatu. Kadi ina tarehe ya Jumatano. Siku mbili! Hatukuwa tumesemeshana zaidi ya "kunja vidole" na "inauma hapa?" Na huyu mtu alingoja miezi mitano mizima ndipo akaniambia neno la maana, mpaka nikadhani ni mzito, nikawa namcheka na wenzangu kwenye chumba cha chai.

Kwa mkono wa kushoto, kwa herufi zinazoanguka, ameandika: "Nesi wa zamu ya asubuhi, wodi ya mifupa. Jina sijalijua." Na chini yake, palipoandikwa "Uhusiano na mteja", ameweka neno moja: "Bado."

Nilikwenda naye pale ukutani nikamwonyesha. Mtu mzima, mvi kichwani, rangi ya njano puani, akaona haya kama kijana. Nikamwuliza, "Ulikuwa na kaka, ulikuwa na mama. Kwa nini mimi?" Akaichovya brashi, akaitazama, akaichovya tena. Akasema, "Karani wa siku ile alisema fomu haikubali nafasi wazi, na mimi nilikuwa nakufikiria wewe tu."

Sijui nikwambieje nilivyofurahi. Najua kadi ina muhuri na kanuni zenu hazitaki mtu aiguse. Lakini nimechukua kalamu, nimelikata lile "Bado", na juu yake nimeandika "Mke". Ukitaka kuniripoti, niripoti.

Nesi